Swichi ya Holmes na Mkono Usioaminika

Historia ya umeme inaposimuliwa madarasani, majina mawili hutangulizwa: Thomas Edison wa Marekani na Joseph Swan wa Uingereza, waliofanya taa ya umeme iweze kutumika majumbani. Heshima hiyo wanastahili. Lakini taa isiyoweza kuzimwa kwa salama ni moto uliofungiwa ndani ya chupa, na mtu aliyehakikisha kwamba taa inazimika bila kuunguza ukuta hatajwi katika vitabu vingi vya shule. Huyo ni John Henry Holmes, mhandisi wa mji wa Newcastle, kaskazini mashariki ya Uingereza, aliyepata hataza ya swichi yake mwaka 1884. Kila mtumishi wa serikali anayeingia ofisini asubuhi na kuwasha taa, na kila mwalimu anayezima taa za darasa jioni, anatumia wazo lake. Mlio ule mdogo wa “tak” unaosikika swichi inapobonyezwa ndio uvumbuzi wenyewe.

Holmes alizaliwa mwaka 1857 katika jamaa ya madhehebu ya Quaker. Mwaka 1883 alianzisha kampuni ya kutengeneza dainamo na kufunga taa za umeme, katika mji uleule ambamo Swan alikuwa ameionyesha taa yake hadharani mwaka 1879. Kiwanda chake kilikuja kutengeneza hata mota za kuendeshea mitambo ya kuchapa magazeti, jambo ambalo ukurasa wa gazeti hauna budi kulitaja. Ingawa anahesabiwa miongoni mwa wahandisi wa umeme, uvumbuzi uliolihifadhi jina lake ulikuwa kazi ya uhandisi wa mitambo kabisa: springi, mhimili, kipande cha chuma na mpini uliolegezwa kwa makusudi. Hapakuwa na nadharia mpya ya umeme ndani yake. Palikuwa na mtu aliyetazama kwa makini namna mkono wa binadamu unavyofanya kazi, akaamua kwamba mkono huo hauaminiki.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kueleza jambo linalotokea swichi inapofunguliwa. Wengi hudhani kwamba vyuma viwili vikiachana, umeme hukatika papo hapo, kama maji yanavyokatika bomba likifungwa. Sivyo. Vyuma vinapoanza kuachana, sehemu inayogusana hupungua mpaka kubaki nukta ndogo sana, na mkondo wote unalazimika kupita katika nukta hiyo. Chuma cha mahali hapo huyeyuka, kisha hugeuka mvuke, na hewa iliyo katikati hupata joto mpaka inakuwa njia ya umeme. Hapo huzuka mwali mweupe wenye joto la maelfu ya nyuzi. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Mwali huo una joto kupita hapo mara kadhaa. Vyuma vikiendelea kuachana upesi, mwali hunyooshwa, hupoa na kufa. Vikiachana polepole, au vikisita nusu ya njia, mwali huishi, na kila unapoishi unakula vyuma vya swichi na kuunguza kitu chochote kilicho karibu.

Swichi za kwanza zilifunguka kwa kasi ya mkono wa aliyezishika. Mwenye mkono mwepesi alizima taa bila madhara. Mzee, mtoto, mgonjwa, mtumishi aliyejawa na usingizi, au mtu aliyeitwa jina lake katikati ya tendo akageuza kichwa, huyo aliacha vyuma vikiwa vimeachana nusu, na mwali ukiwaka baina yao. Tena umeme wa majumbani wa wakati ule ulikuwa mkondo mnyoofu, wa volti mia moja hivi. Umeme wa gridi wa siku hizi, wa mzunguko wa 50 kwa sekunde, hufika kwenye sifuri mara 100 katika kila sekunde, na kila mara mwali unapata nafasi ya kufa wenyewe. Mkondo mnyoofu hauna sifuri. Mwali wake ukishashika, haupumziki.

Wako ambao wangelijibu tatizo hilo kwa tangazo: “Zima taa kwa haraka.” Lingelibandikwa ukutani kando ya kila swichi, na kila nyumba iliyoungua ingesemwa kwamba mwenyewe hakufuata maagizo. Holmes hakuandika tangazo. Alitenganisha mpini na vyuma. Katika swichi yake mkono unapousukuma mpini, hausogezi vyuma hata kidogo. Unaikaza springi tu. Mpini ukifika mahali fulani, springi inajifyatua na kuvitenga vyuma kwa nguvu yake yenyewe, kwa kasi ileile kila mara, awe aliyeubonyeza ni bondia au bibi wa miaka 80. Mkono ukisita katikati, vyuma bado vimeshikana sawasawa. Ukishapita pale, vyuma vimekwisha kuachana kabla mtu hajatambua. Hakuna nusu.

Hapa ndipo uzito wa jambo hili ulipo, na ndiyo sababu mtumishi wa umma anapaswa kulifikiria hata kama hana haja ya kujua umeme. Holmes alikataa kuufanya usalama wa nyumba uwe fadhila ya mtumiaji. Hakutaka watu wawe waangalifu zaidi. Alitengeneza kitu ambacho hakijali kama ni waangalifu au la. Mambo mengi katika ofisi, viwanda na shule bado yanaendeshwa kwa njia ya kinyume: hatari inaachwa ilivyo, kisha unatolewa waraka wa kuwataka wafanyakazi wajihadhari. Waraka husomwa siku ya kwanza, hutundikwa siku ya pili, na mwezi wa tatu hufunikwa na ratiba ya likizo.

Wazo la Holmes lilihitaji kuvuka mpaka mmoja zaidi. Swichi yake ilingoja mtu aje kuibonyeza. Lakini hatari kubwa ya umeme hutokea wakati ambapo hapana mtu: usiku, nyuma ya dari, ndani ya waya uliozidishiwa mzigo. Edison mwenyewe alikuwa amekwisha kufikiria kifaa cha kujikata chenyewe mwaka 1879, ingawa katika mitambo yake ya biashara alitumia fyuzi, yaani waya mwembamba unaoyeyuka mkondo ukizidi. Fyuzi ni mlinzi mwaminifu, ila ana kasoro moja: anakufa kazini, na lazima awekwe mwingine. Na anayemweka huyo mwingine ni binadamu, gizani, akiwa na haraka, mara nyingi akiwa hana waya unaofaa. Yule mkono usioaminika ambao Holmes aliufukuza mlangoni ukarudi kupitia dirishani.

Katika mitambo mikubwa majaribio ya kuukata umeme mkali yalikuwa na vituko vyake. J. N. Kelman huko Marekani alitengeneza breka iliyokuwa ni mapipa mawili ya mbao yaliyojazwa mafuta na maji, vyuma vikiwa vimezamishwa ndani. Iliwekwa kwenye njia ya umeme ya volti 40,000 mwezi Aprili 1902, ikafanya kazi chini ya mwaka mmoja. Machi 1903, baada ya kukata umeme mara kadhaa kwa mfululizo, mafuta yanayowaka yaliruka juu ya mbao zilizoizunguka na kuleta moto. Ni rahisi kucheka sasa. Lakini mafuta yalikuwa fikra sahihi, na breka za mafuta zilitumika duniani kwa miongo mingi baada ya hapo. Kosa lilikuwa mbao. Huko Hebburn, maili chache tu kutoka Newcastle, kiwanda cha Alphonse Reyrolle, Mfaransa aliyeanza kama fundi wa vyombo vya vipimo, kikajipatia sifa kwa kuvifungia vyombo vya umeme mkubwa ndani ya maboma ya chuma, hata mfanyakazi asiweze kuugusa waya ulio hai. Kampuni ya Holmes baadaye ilikuja kuingia mikononi mwa Reyrolle, ukoo wa mafundi wenye fikra moja.

Kwa nyumba na ofisi, jibu lilitoka Ujerumani. Mwaka 1924, katika mji wa Mannheim, kampuni ya Hugo Stotz ilipata hataza ya breka ndogo ya kujifyatua, kazi aliyoifanya pamoja na fundi Heinrich Schachtner. Breka hiyo iliweza kuskurubiwa mahali palepale ilipokaa fyuzi ya zamani. Ndani yake mlikuwa na walinzi wawili wenye tabia mbili tofauti, na walimu wa fizikia watafurahi kuona kwamba wote wawili wanaweza kufundishwa kwa vifaa vya kawaida.

Mlinzi wa kwanza ni bamba la metali mbili zilizogandamanishwa. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti zikipata joto, kwa hiyo bamba hujipinda. Uvumbuzi wa bamba la namna hiyo ni wa mtengeneza saa John Harrison, aliyelitumia katika karne ya 18 kusahihisha saa za baharini wakati joto linapobadilika. Ndani ya breka bamba hilo lina kazi ya uvumilivu. Mkondo ukizidi kidogo, halina haraka. Linapinda polepole, kama waya wa ukutani unavyopata joto polepole. Mlinzi wa pili ni sumaku ya umeme, ambayo haina uvumilivu hata chembe. Ikitokea shoti na mkondo ukapanda ghafula, sumaku inaivuta komeo, na springi inafanya kazi aliyoifundishwa na Holmes.

Hesabu yake si ngumu. Breka ya ampea 16, katika umeme wa volti 230, inakusudiwa kubeba wati 3,680. Birika moja la umeme la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Ofisi ikiwa na mabirika matatu yanayochemsha chai kwa pamoja kwenye njia moja, mkondo unafika ampea 26. Kwa kipimo kinachofuatwa na mataifa mengi, breka ikibebeshwa mara 1.13 ya kiwango chake haipaswi kufyatuka ndani ya saa moja. Ikibebeshwa mara 1.45 ni lazima ifyatuke kabla ya saa hiyo kwisha. Mabirika matatu ni zaidi ya mara 1.6, na chai haitachemka mara nyingi kabla ya giza kuingia. Ikiwa ni shoti, breka ya aina ya B, ambayo ndiyo ya kawaida majumbani, hukatwa papo hapo na sumaku mkondo ukifika kati ya mara 3 na mara 5 ya kiwango.

Breka ina sifa nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Mpini wake ukishikiliwa juu kwa nguvu, hata ukifungwa kwa kamba, breka bado inafyatuka ndani kwa ndani. Mpini na komeo havikuunganishwa moja kwa moja. Kwa maneno mengine, waliobuni kifaa hiki walimwona mapema yule mtu ambaye umeme umemkatikia katikati ya kazi ya haraka, akasimama mbele ya bodi na kuushikilia mpini kwa kidole gumba. Breka haitambui cheo. Haijali kama aliyeushika mpini ni mhudumu au mkurugenzi.

Kwa kuwa haiwezi kulazimishwa, wako wanaoikwepa. Hilo ni jambo la kusikitisha na ni la kawaida mno. Breka ya ampea 16 ikifyatuka mara tatu kwa wiki, fundi anaitwa, na anapoulizwa atafanyaje, anaambiwa aweke “kubwa zaidi”. Inawekwa ya ampea 40. Kuanzia hapo haifyatuki tena, na watu wote wanamsifu fundi. Kilichotokea kwa hakika ni kwamba waya ulio ndani ya ukuta umepewa kazi ya fyuzi. Joto la waya linaongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Waya huo utaendelea kupata joto nyuma ya lipu, ngozi yake ya plastiki itakauka na kupasuka mwaka baada ya mwaka, na siku moja jengo litaungua, kisha itasemwa kwamba “chanzo ni hitilafu ya umeme”. Hitilafu ya umeme haikuwepo. Kulikuwa na uamuzi, uliofanywa na mtu mwenye jina, pengine kwa hati ya malipo iliyotiwa sahihi.

Vivyo hivyo kuhusu zile fyuzi za waya ambazo bado zimo katika majengo ya zamani. Fyuzi ya ampea 5 iliyofungwa waya mnene wa shaba, au msumari, si fyuzi tena. Aliyefanya hivyo aghalabu hana nia mbaya. Alitaka taa ya ofisi iwake ili wananchi wahudumiwe, na waya uliofaa haukuwepo stoo. Kumlaumu peke yake ni kurudia lile tangazo la “zima taa kwa haraka”. Lawama iende pia kwa yule aliyepaswa kuagiza waya wa fyuzi wa shilingi chache akaona si kitu cha kuingizwa katika bajeti.

Wapo watakaosema kwamba breka nyingine hufyatuka bila sababu, na kwamba kazi ya serikali haiwezi kusimama kila mara kwa ajili ya kifaa kidogo chenye wivu. Hoja hiyo ina ukweli wake. Mashine zenye mota, kama vile pampu za maji na viyoyozi, huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi zinapoanza, na breka ya aina ya B huweza kudhani ni shoti. Dawa yake ni breka ya aina ya C, ambayo sumaku yake hungoja mpaka kati ya mara 5 na mara 10, bila kubadili kiwango cha ampea. Hayo ni maarifa ya fundi aliyesoma, na ndiyo maana nchini Tanzania leseni za mafundi wa kufunga nyaya hutolewa na EWURA. Kumwita kijana wa mtaani kwa sababu bei yake ni ndogo, katika jengo lenye watoto 600, ni kuweka akiba mahali pasipostahili akiba.

Kuna dhana moja potofu ambayo imeenea hata miongoni mwa watu wenye elimu: kwamba breka inamlinda mtu asipigwe na umeme. Breka inalinda waya. Mtu mwenye mikono iliyolowa, akigusa umeme wa volti 230 huku amesimama juu ya sakafu yenye maji, anaweza kupitisha mwilini mwake robo ya ampea hivi. Breka ya ampea 16 haioni kitu. Kwayo, huyo ni taa nyingine imewashwa. Ataweza kufa nayo ikiwa imetulia mahali pake, nzima, bila kosa lolote.

Aliyelishughulikia jambo hilo kwa undani ni Charles Dalziel, profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa kuwapima watu waliojitolea, aligundua kwamba mwanamume wa kawaida hushindwa kukiachia kitu chenye umeme mkondo ukifika wastani wa miliampea 16, na mwanamke miliampea 10 na nusu. Hizo ni sehemu za elfu za ampea. Mwaka 1961 alibuni kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda na ule unaorudi. Vikiwa sawa, kinatulia. Vikitofautiana kwa miliampea 5, maana yake kuna umeme unaopotelea ardhini, pengine kupitia mwili wa mtu, na kifaa kinakata. Katika nchi zinazotumia volti 230, kiwango cha kawaida cha kifaa hicho, ambacho mafundi hukiita kwa herufi RCD, ni miliampea 30, na muda wake wa kukata hauzidi sehemu tatu za kumi za sekunde. Tofauti kati ya miliampea 30 na ampea 16 ni zaidi ya mara 500. Pengo hilo ndilo linalowaua watu katika vyumba vya kuogea, jikoni, kwenye maabara za shule na penye pampu za visima.

Umeme uliletwa Dar es Salaam mwaka 1908 na utawala wa Kijerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walimoishi wakoloni. Baadaye Waingereza walikuja na desturi zao, na ndiyo sababu swichi ya ukutani hapa nchini huwasha kwa kubonyezwa chini, wakati ya Mmarekani huwasha kwa kuinuliwa juu. (Breka zenyewe zinapanda juu kuwasha, na haishangazi kwamba wahudumu wapya huchanganyikiwa.) Tangu hapo mambo yamekuwa makubwa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mashine 9 zenye uwezo wa jumla ya megawati 2,115, na nyaya zimefika katika vijiji ambavyo kizazi kimoja kilichopita vilikuwa na kandili tu. Shule ya msingi iliyoungwa na gridi juzi imepokea umeme wenye nguvu ileile ya kuua kama wa hoteli ya mjini. Je, imepokea pia kifaa cha miliampea 30? Swali hilo lingepaswa kuwamo katika kila fomu ya ukaguzi wa shule, kando ya lile la idadi ya madawati.

Na pale gridi isipofika, tatizo la Holmes limerudi kwa sura yake ya mwaka 1884. Paneli za jua hutoa mkondo mnyoofu. Katika mitambo midogo ya volti 12, inayowasha taa tatu za zahanati, mwali wa swichi hauna nguvu ya kuendelea. Lakini shule za bweni na vituo vya afya sasa vinafungiwa mitambo ambamo paneli nyingi huunganishwa kwa mfululizo mpaka kufikia volti mia kadhaa, na hapo mwali haupati ile nafasi ya kufa mara 100 kwa sekunde. Breka iliyotengenezwa kwa umeme wa gridi, ikiwekwa kwenye njia ya paneli, yaweza kufunguka vizuri kwa macho, mpini ukashuka chini, na ndani yake mwali ukaendelea kuwaka mpaka breka yenyewe ikayeyuka. Kwa nje vifaa hivyo viwili vinafanana kama mapacha. Tofauti imeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo: AC au DC. Mzabuni asiyejua, au anayejua na kunyamaza, huweka kilicho rahisi kupatikana. Kamati ya shule inayopokea mtambo wa jua haina budi kumtaka aisome herufi hiyo kwa sauti mbele ya wote kabla ya kutia sahihi.

Mbaya zaidi ni breka za bandia. Breka halisi na ya bandia zina mpini uleule na rangi ileile, na pengine hata jina lile lile lililochapwa kwa ustadi. Ndani ya ile ya bandia bamba la metali mbili laweza kuwa bati tupu. Hakuna mnunuzi atakayeligundua hilo dukani, kwa kuwa kifaa hiki hakionyeshi ubora wake mpaka siku ya hatari, na siku hiyo ni ya kwanza na ya mwisho. Chakula kibovu hunuka. Breka mbovu hainuki. Kwa hiyo hili ni jambo ambalo haliwezi kuachiwa busara ya mnunuzi, kama vile Holmes alivyokataa kuuachia mkono. Shirika la Viwango lina sheria na lina maabara. Ofisi za umma nazo zina uwezo ambao mwananchi mmoja mmoja hana: zinanunua kwa wingi, na zinaweza kukataa kupokea shehena isiyo na cheti.

Kwa walimu, vifaa vya somo hili viko tayari. Swichi iliyokufa, badala ya kutupwa, yafaa ifunguliwe mbele ya darasa, ikiwa mezani na haijaunganishwa na kitu chochote, wanafunzi wausogeze mpini polepole wawezavyo na kujaribu kuvisimamisha vyuma katikati. Hawataweza. Breka mbovu nayo ikikatwa kwa msumeno itaonyesha bamba, sumaku na komeo, na mwanafunzi ataona kwamba fizikia ya kitabuni, kutanuka kwa metali na sumaku ya umeme, imekaa ndani ya kiboksi kisichozidi kiberiti kwa upana. Pengine mmoja wao atauliza kama kitu cha namna hiyo kingeweza kutengenezwa Arusha au Morogoro. Swali hilo asijibiwe kwa haraka.

Kwa wakuu wa ofisi na shule kuna jambo dogo zaidi. Penye kifaa cha RCD kwenye bodi, kuna kitufe kimeandikwa herufi T. Kikibonyezwa, umeme unapaswa kukatika mara moja; usipokatika, kifaa kimekufa na mahali pake pawekwe kingine siku hiyohiyo. Kinahitaji kubonyezwa mara kwa mara, kwa kuwa springi isiyotumika miaka mingi huweza kushikamana. Kazi hiyo inachukua sekunde tano na haihitaji fundi. Inahitaji jina la mtu kwenye daftari, tarehe, na ufunguo wa kabati la bodi ukae mahali panapojulikana, badala ya kukaa mfukoni mwa mtu aliyekwenda likizo.